Gari la Kuaminika

Jumapili mchana kwetu Buru Phase 3 ni siku ya kuosha magari. Nyumba zetu zimezunguka kiwanja kimoja kidogo cha kuegesha, na kwa vile nusu ya kiwanja imeliwa na vyumba vya nyongeza ambavyo watu wamejenga kutafuta wapangaji, magari yamebanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Ukitoka na ndoo na kitambaa, huwezi kukwepa mazungumzo. Na mazungumzo ni yale yale kila wiki: kati ya Mercedes, BMW, Audi na Lexus, ukipata doh leo, utachukua gani?

Swali hili lina wataalamu wake. Jirani wa nyumba ya kona husema Mjerumani ni mtamu lakini ana wivu, ukimnyima oili nzuri mara moja tu anakuacha. Kijana wa geti la kijani hudai Lexus ni Toyota iliyovaa suti. Mzee mmoja mstaafu, ambaye hana gari tangu macho yaanze kumsumbua, hutusikiliza kwa muda kisha husema, "Gari ilikuwa 504. Hizi zenu ni simu ziko na magurudumu." Tunacheka, tunasuuza, tunarudi ndani.

Kwa muda mrefu nilidhani hilo ni swali la mashine na pesa. Siku hizi naliona kuwa swali la maadili, na nataka kueleza lilivyogeuka, kwa sababu mimi ndiye niliyelijibu vibaya.

Niliweka akiba miaka minne. Nilipofikisha milioni moja na laki tatu, niliacha kuangalia bei za mashamba ya Kangundo Road, nikaanza kuangalia bei za magari. Mtu wa mfuko wangu hanunui gari la kifahari likiwa changa. Sheria ya Kenya inazuia kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi hushuka Mombasa yakiwa na miaka sita au saba, kutoka Japani na Uingereza. Likishafika hununuliwa na mtu wa Lavington au Kileleshwa, analiendesha miaka minne, halafu linashuka ngazi moja. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya tatu. Gari nililolichukua lilikuwa la Kijerumani, la rangi ya kijivu, na jina lake silitaji, kwa sababu mbele utaona halikuwa na kosa.

Nikuambie ukweli kuhusu ile raha, maana watu wengi wakiandika juu ya magari ya bei huona haya kuisema. Mimi ni msichana wa Eastlands niliyelelewa ndani ya nambari 58, nikisimama chini ya spika, mkono mmoja juu, mwingine kwenye begi. Maisha yangu yote mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiamua nitafika saa ngapi na nitasikiliza wimbo gani nikiwa njiani. Jumamosi ya kwanza nilitoka nyumbani kabla ya jua, nikapita Limuru, nikateremka ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu inayopita kando ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Kwenye zile kona nilielewa mambo ambayo wataalamu wa kiwanjani hawajui kuyaeleza. Usukani ulikuwa na uzito. Kila kona niliisikia kwenye viganja kabla ya kuiona vizuri, na nyuma ya gari kulikuwa na nguvu iliyonisukuma mgongoni kwa upole, kama mkono wa mtu anayekutakia mema. Bonde lote la Ufa lilikuwa chini yangu, la buluu. Nililia kidogo. Sijutii.

Ile raha haikuwa ya uongo. Ningesema ilikuwa upuuzi mtupu, hadithi hii ingekuwa rahisi mno.

Mama yangu ana ugonjwa wa figo. Kila Jumanne na Ijumaa huenda dayalisisi, saa nne kwenye kiti, damu yake ikipita kwenye mashine na kurudi mwilini. Zamu yake huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukichelewa, saa hazisogezwi, kwa sababu baada yako kuna mtu mwingine ambaye naye anasubiri kiti hicho hicho. Dakika ulizokosa unarudi nazo nyumbani kama maji kwenye vifundo vya miguu, na kama pumzi fupi usiku. Nilipopata gari nilimwambia, "Mama, mambo ya matatu alfajiri yameisha." Alifurahi. Alipenda vile viti vya ngozi. Alikuwa akiketi nyuma, kama bosi, na kunitania kwamba hatimaye ameingia kwa Wabenzi.

Jina hilo lina umri mkubwa kuliko mimi. Wabenzi ni watu waliopatikana Afrika Mashariki baada ya uhuru, kabila lisilo na kijiji wala lugha, linalotambulikana kwa nyota iliyo mbele ya gari. Kenya imewahi kujaribu kuwapunguza kwa amri: mwaka 2009 serikali iliagiza mawaziri waache magari yao ya injini kubwa wachukue Volkswagen Passat ya 1800cc, na kelele zilizosikika ungedhani wameambiwa watembee kwa miguu. Mama hakuwa na hasira yoyote na Wabenzi. Alitaka tu kufika kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mvua ikinyesha, tulikuwa Jogoo Road tukikaribia City Stadium wakati taa nyekundu ya joto ilipowaka. Niliiona. Nikajiambia tumebakisha kidogo. Dakika mbili baadaye moshi mweupe ulikuwa ukitoka chini ya boneti, na gari likazima katikati ya barabara, nyuma yetu nganya tatu zikipiga honi kila moja kwa wimbo wake. Nilishuka. Sikujua nishike nini. Jamaa wa mkokoteni na makanga mmoja walinisaidia kulisukuma kando. Mama alishuka polepole, akasimama chini ya mwavuli akiwa na mfuko wake wa blanketi na chupa ya chai. Hakusema kitu. Programu ya teksi ikaniambia dakika kumi na nane, kisha ishirini na tano.

Aliyetuokoa alikuwa dere wa Probox aliyekuwa akitoka kupeleka mboga. Nyuma kulikuwa na magunia matupu na harufu ya sukuma. Alitufikisha saa moja kasorobo. Mama alipoteza dakika zake. Jumamosi miguu yake ilikuwa imevimba, na usiku huo alilala ameketi, kwa sababu akilala chali alikosa hewa.

Nilimwambia, "Mama, gari iliniangusha."

Alinitazama, akauliza swali moja, "Na lile gari lilikuwa limekuahidi nini?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo. Kwa Kiswahili tunatumia neno moja kwa mashine na kwa binadamu. Tunasema fundi huyu anaaminika, na gari hili linaaminika. Lakini ukikaa na neno lenyewe utaona linaficha vitu viwili. Mwanafalsafa Annette Baier wa New Zealand, katika insha yake ya mwaka 1986 kuhusu uaminifu, alitenganisha kumtegemea mtu na kumwamini. Mfano wake ni Immanuel Kant, aliyekuwa akitembea kwa ratiba kali kiasi kwamba majirani wangeweza kumtumia kama saa. Siku akilala mpaka jua kali, majirani watachelewa mambo yao, lakini hakuna atakayesema Kant amemsaliti. Hakuwaahidi chochote. Hata hapa Buru wapo wanaoamka kwa honi ya nganya ya kwanza. Ikikosa kuja, huwezi kumshtaki makanga.

Gari liko hivyo. Tunalitegemea. Haliwezi kutusaliti, kwa sababu halikuahidi. Anayeahidi ni mwenye ufunguo. "Mambo ya matatu yameisha" ilikuwa sentensi yangu.

Sasa niseme kile ambacho sikumwambia mama siku ile. Wiki tatu kabla, makanika wangu alikuwa amenionyesha doa la waridi chini ya injini. "Siste, pampu ya maji imeanza kuvuja. Usiende mbali." Bei yake pamoja na kazi ilikuwa elfu thelathini na nane. Pesa nilikuwa nazo. Wikendi hiyo nilizitumia kwa rimu mpya na petroli ya kwenda Naivasha. Nilijiambia doa ni dogo, nitalishughulikia mwisho wa mwezi. Nilikuwa nataka zile kona tena.

Ndiyo maana silitaji jina la kampuni. Ningelitaja, wewe msomaji ungetikisa kichwa, useme kweli hayo magari ni noma, na mimi ningejificha nyuma ya nembo.

Watu wa kiwanjani hupenda kunukuu orodha. Kweli zipo: Marekani, kampuni kama J.D. Power huwahoji wenye magari ya miaka mitatu na kuhesabu matatizo kwa kila magari 100, na Lexus imekaa juu ya orodha hizo mara nyingi sana. Lakini tazama nani anahojiwa: mtu aliyenunua gari likiwa jipya, mwenye barabara laini na dhamana ya kiwanda mfukoni. Takwimu hizo zinasimulia utoto wa gari. Sisi tunakutana nalo likiwa mtu mzima, limeshalelewa na watu tusiowajua. Orodha inakuambia jinsi kiwanda kilivyofanya kazi yake. Haikuambii kama mwenye gari wa pili aliwahi kubadilisha maji ya rejeta.

Historia yetu wenyewe ya magari inasema jambo hilo hilo. Babu alinunua nyumba hii kwa mkopo enzi Buruburu ikijengwa, na gari lake lilikuwa Peugeot 504. Kizazi chake hakikuwa na orodha za Marekani. Kilikuwa na Safari Rally. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na 1978, na kwa Babu huo ulikuwa ushahidi tosha. Lakini ushindi ambao wazee wengi bado wanausimulia ni wa mwaka 1965, Joginder Singh na kaka yake Jaswant wakiwa ndani ya Volvo PV544. Ile Volvo haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwisha kutumika. Joginder alikulia kwenye gereji ya baba yake, akijua kila nati kwa jina, na ukitaka kuelewa kwa nini gari kuukuu lilifika kabla ya mapya, angalia mikono iliyoliandaa kabla ya kuangalia nembo. Tangu Safari irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Toyota ndiyo iliyoshinda kila mwaka hadi 2025, na kila jioni ya mashindano mafundi wake huwa chini ya gari wakibadilisha vyuma. Hakuna anayeaminika kwa jina tu, hata Toyota.

Kisa kingine ninachokipenda ni cha Lexus yenyewe. Ilipozinduliwa Marekani mwaka 1989, gari lake la kwanza kubwa, LS 400, lilijengwa kwa madai ya kutokuwa na dosari. Miezi michache baadaye, mwezi Desemba, kukapatikana dosari. Kampuni iliyaita magari yote yaliyokuwa yameuzwa, takriban 8,000. Mafundi waliwafuata wenye magari majumbani, wakayachukua, wakayatengeneza, wakayarudisha yameoshwa na tangi limejaa. Jina la Lexus kama gari la kuaminika lilijengwa kwa sehemu kubwa kwenye wiki zile ambazo gari lilikuwa na kasoro. Mtu alikubali kwamba ahadi ilikuwa yake, akaifuata mpaka mlangoni kwa mteja.

Basi kuna hoja upande wa pili, na rafiki yangu mmoja wa Umoja huitoa vizuri. Anasema, "Wewe unajipiga sana. Ukifuata hesabu yako, sisi wote tutaendesha Probox mpaka kifo. Maisha si ya kubeba wagonjwa na mboga pekee." Ana haki. Mtu anayechagua kila kitu kwa kuogopa kuharibika, hata wapenzi, hata kazi, ataishi maisha marefu yasiyo na kona. Tena najua watu wenye magari yasiyokufa kamwe ambao hawajawahi kumsaidia jirani kwa lifti. Gari la kuaminika halimfanyi mwenyewe awe wa kuaminika.

Jibu langu kwake ni hili. Raha ya usukani ni ya mtu mmoja. Dereva pekee ndiye huhisi kona. Wa nyuma huhisi kichefuchefu. Lakini gari likikwama, linakwama na wote waliomo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza unapenda gani, uliza nani atasimama kwenye mvua ukikosea. Kama ni wewe peke yako, chagua kwa moyo. Nunua hata gari la Kiitaliano la mwaka 1987, lisukume mwenyewe, lipende. Kuna heshima kwenye upendo unaoulipia kwa miguu yako. Kosa huanza pale unapochukua raha yako na kuilipia kwa miguu ya mtu mwingine, ambayo imeshavimba. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hawakusema ni kidonda cha nani.

Wala siamini kwamba dawa ni kuchagua nembo sahihi. Ningekuwa na Lexus na tabia zile zile, pampu ingevuja siku nyingine na mimi ningenunua rimu.

Lakini nililiuza. Nilijijua. Lile gari lilikuwa tamu kiasi kwamba kila mwezi kungekuwa na mashindano kati ya kona za Mai Mahiu na pampu fulani, na sikuwa na hakika nani angeshinda. Kwanza nililitengeneza. Kisha kijana mmoja wa Donholm akaja kulitazama. Nilimwonyesha risiti zote, nikamwambia kuhusu moshi wa City Stadium, nikamwambia injini iliwahi kupata joto na kwamba asiamini mtu yeyote, hata mimi, mpaka fundi wake aipime. Alipunguza bei kwa laki moja na nusu papo hapo. Nilikubali. Nilimtazama akizunguka gari, akishika usukani, na uso wake ukawa ule wangu wa ile Jumamosi. Nilimuuliza kama kuna mtu anayemtegemea asubuhi. Akasema, "Ni mimi tu na paka." Nikampa ufunguo.

Sasa nina Mark X ya 2500cc. Kijana wa geti la kijani alifurahi kunieleza kwamba injini yake, 4GR, ndiyo ile ile iliyowekwa kwenye Lexus IS 250, kwa hiyo nimepata suti bila nembo. Ni gari zuri. Kwenye kona halina habari ya kuniambia. Mama anasema tu kwamba halina kelele, na kwamba viti vya lile la kwanza vilikuwa bora. Wakati mwingine, nikiwa Outering Road usiku, lile la kijivu au ndugu yake hunipita, na shingo yangu hugeuka yenyewe.

Jumatatu usiku, kabla ya Jumanne ya mama, nashuka na tochi ya simu. Nafungua boneti, natazama maji, natazama oili, napiga magoti kwenye saruji kuangalia kama kuna doa. Jirani wa kona akinikuta hucheka.

"Siste, hiyo ni Toyota. Funga boneti ukalale."

"Nafunga," namwambia, na kuendelea kutazama.